Vijiti vya Jibini Vinavuja, Vinalegea, Vinakunywa Mafuta: Kosa Liko Wapi?

Umetia vijiti sita vya jibini kwenye mafuta. Nusu dakika ya kwanza mambo ni shwari: mapovu madogo madogo, harufu ya mkate unaokaangwa, rangi imeanza kukolea. Mara kimoja kinatoa uzi mweupe ubavuni. Uzi unanenepa, mafuta yanaanza kuruka, cha pili nacho kinafuata, na unapokuja kuvitoa una maganda sita matupu na bonge moja la jibini lililogandia kitako cha karai. Jibini ikivuja haizoleki.

Hapo wengi hulaumu mafuta: yalikuwa moto mno, au hayakuwa yamepata moto. Wakati mwingine ni kweli. Lakini katika vijiti nilivyoviharibu kwa mikono yangu, na si vichache, mara nyingi kosa lilikuwa limeshafanyika mezani au ndani ya friza kabla hata jiko halijawashwa. Mafuta yalikuja kulifichua tu. Ndiyo maana hapa tunaanza na dalili unayoiona kwenye sahani, kisha tunarudi nyuma mpaka ilikozaliwa.

Kinachoendelea ndani ya karai

Kijiti kikiingia kwenye mafuta, kazi mbili zinaanza kwa pamoja. Nje, maji yaliyo kwenye yai na chenga za mkate yanageuka mvuke na kutoka, na ganda linakauka na kukakamaa. Ndani, joto linaifuata jibini. Mafuta yaliyomo kwenye jibini huanza kuyeyuka kwenye kiasi cha nyuzi 32 za Selsiasi, yaani hata joto la kiganja linaweza kuyalainisha. Protini zinazoishikilia huachia baadaye: karibu nyuzi 55 kwa jibini laini, karibu 65 kwa cheddar, na zaidi ya 80 kwa parmesan iliyokomaa. Zikishaachia, jibini inakuwa kitu cha majimaji kinachotafuta pa kutokea.

Ganda likiwahi kukakamaa, jibini inabaki ndani na inavutika unapouma. Jibini ikiwahi kuyeyuka, itapita popote palipo na upenyo. Kugandisha kwenye friza, kupaka mara mbili, kukata vipande vya unene fulani, kusubiri mafuta yafike joto lake: yote hayo ni kulitafutia ganda dakika moja ya kutangulia.

Ili tuwe na kipimo kimoja, huu ndio utaratibu ninaoutumia kama kawaida. Jibini inayoyeyuka lakini ngumu kiasi hukatwa vijiti vya unene wa sentimita 1.5 na urefu wa sentimita 7 au 8. Hupanguswa, hugaragazwa kwenye unga wa ngano, huchovywa kwenye yai lililopigwa, hugaragazwa kwenye chenga za mkate, hurudi kwenye yai, kisha hurudi tena kwenye chenga. Hupangwa kwenye trei bila kugusana na kukaa kwenye friza saa 2 au zaidi. Mafuta yawe na kina cha kuvifunika na joto la nyuzi 180 hadi 185. Vinaingia vitatu au vinne kwa mkupuo mmoja na kukaa dakika moja na nusu hadi 2, kisha vinatua juu ya wavu wa chuma.

Jibini inavuja

Hii ndiyo dalili kubwa, na watu huikosea kwa kuichukulia kama ugonjwa mmoja. Iangalie kwa makini: imevujia wapi, na ilianza lini?

Ikivujia kwenye ncha mapema, kabla ganda halijapata rangi, basi ncha hazikufunikwa. Vidole viwili ulivyoshikia kijiti ulipokuwa unakigaragaza viliacha alama mbili zisizo na chenga, au pembe kali hazikushika unga. Tundu la ukubwa wa kichwa cha pini linatosha. Bonyeza kila ncha kwenye chenga kwa makusudi, kama anayegonga muhuri, kisha kipitishe kijiti kwenye yai na chenga mara ya pili. Wengi hudhani tabaka la pili ni la kuongeza unene. Kazi yake hasa ni kuziba matundu ya lile la kwanza, na ndiyo sababu halirukwi hata kama una haraka. Pembe kali zisugue kwa kidole jibini ikiwa bado haijaganda, au zipunguze kwa kisu. Na mkono mmoja ushike vikavu, mwingine ushike yai. Ukitumia mmoja kwa vyote, baada ya vijiti vitatu vidole vyako vyenyewe vimevaa ganda, na kila unachokigusa kinabanduka.

Ikivujia ubavuni mwishoni, baada ya ganda kukolea, basi ganda lilikuwa zima ila kijiti kimekaa kwenye mafuta kupita kiasi. Mara nyingi mafuta yalikuwa na joto la nyuzi 160 hivi, rangi ikachelewa, nawe ukaisubiri. Wakati unasubiri rangi, maji yaliyomo kwenye jibini yanakaribia nyuzi 100. Maji yakigeuka mvuke huchukua nafasi ya takriban mara 1,600 ya ile yaliyokuwa nayo, na hakuna ganda la chenga linaloweza kuuzuia msukumo huo. Jifunze kusoma mapovu. Mwanzoni ni mengi na yenye fujo, kwa sababu ganda linatoa maji yake. Yanapungua kadiri ganda linavyokauka. Kisha, kama umechelewa, mkondo wa mapovu unachomoka ghafla kutoka sehemu moja tu ya kijiti. Hapo jibini imepata njia. Kitoe saa hiyo hiyo, hata kama rangi haijakuridhisha. Kijiti cha rangi hafifu chenye jibini ndani ni bora kuliko ganda zuri lenye hewa.

Kikipasuka kwa kishindo na kurusha mafuta, tafuta maji. Mozzarella mbichi inayouzwa ikiwa imelala kwenye maji yake ina maji zaidi ya nusu ya uzito wake. Ni tamu kuliwa hivyo hivyo, lakini kwenye mafuta ya moto ni balaa. Ile kavu inayouzwa kwa ajili ya kupikia, iliyo imara kiasi cha kukwanguliwa, ndiyo inayofaa. Kama huna nyingine, ikate, ipange kati ya vitambaa safi, iwekee uzito kidogo kwa saa kadhaa kwenye friji, kisha iache wazi usiku kucha juu ya wavu humo humo ndani ya friji. Haitakuwa kamili, ila itakuwa na adabu. Chanzo kingine cha maji ni barafu: vijiti vilivyokaa siku nyingi kwenye friza bila kufunikwa vizuri hujipaka ukungu mweupe. Ukungu huo ni maji. Upanguse au upulize kabla ya kukaanga, na usimimine kamwe mfuko mzima wa vijiti pamoja na vipande vya barafu vilivyobaki chini yake.

Vikivuja vyote, kila mahali, kama vilivyokubaliana, basi havikuwa na baridi ya kutosha. Ama viliondolewa kwenye friza mapema, ama (na hili ndilo humpata hata mpishi mzoefu) vilitolewa vyote kwa pamoja vikakaa kando ya jiko la moto wakati mkupuo wa kwanza unakaangwa. Mkupuo wa kwanza mzuri, wa pili nusu nusu, wa tatu msiba: ukiona mpangilio huo, usibadilishe chochote kwenye mafuta. Toa vijiti vinne, funga friza, kaanga, ndipo utoe vinne vingine.

Vidonge vya mviringo vilivyofinyangwa kwa jibini iliyokwanguliwa vina shida yao ya pekee. Jibini inayouzwa ikiwa imeshakwanguliwa hupakwa wanga au unga wa nyuzi za mimea ili isishikane ndani ya pakiti. Kisichoshikana kwenye pakiti hakitashikana vizuri kwenye kiganja chako pia. Kidonge kinabaki na nyufa ndani, na nyufa ndizo njia. Kwangua mwenyewe, changanya na kijiko kimoja cha wanga wa mahindi kwa kila gramu 200 hivi na yai kidogo, finyanga kwa nguvu, kisha gandisha.

Na kwa dalili zote hizi, kaanga kimoja peke yake kwanza. Kijiti kimoja kitakueleza karibu kila kitu unachohitaji kujua, na kikiharibika umepoteza kimoja.

Ganda linabanduka

Unakiinua kijiti, ganda linavuka kama soksi. Kasoro iko kati ya jibini na yai. Uso wa jibini una mafuta na unyevu, na yai peke yake halishiki juu ya vitu hivyo viwili, linateleza. Unga wa ngano ndio unaokausha uso na kulipa yai mahali pa kung'ang'ania. Aliyeruka unga ndiye anayevuliwa soksi.

Lakini unga ukizidi nao unaharibu. Tabaka nene hubaki na vumbi kavu katikati ambalo yai halikulifikia, na vumbi hilo ndilo linaloachia. Baada ya kugaragaza, kung'uta kijiti mpaka kionekane kama kimepuliziwa poda. Jibini iliyotoka friji na kuanza kutoa jasho mezani ipanguse kwanza, la sivyo unga unageuka gundi ya mabonge. Yai nalo lipigwe vizuri pamoja na kijiko cha maji, maana ute mzito usiovunjwa hujikunja na kuacha sehemu tupu.

Ukimaliza kupaka, usikimbilie karai. Chenga zinahitaji dakika 10 au 15 za kunyonya yai na kushikana nalo, na muda wa friza unalimaliza hilo bila wewe kufanya lolote. Ndani ya mafuta, usikiguse kijiti kwa nusu dakika ya kwanza. Koleo la chuma ni adui wa ganda changa. Kigeuze kwa kijiko cha matundu.

Nje kumekolea, ndani bado jiwe

Mafuta yamepita nyuzi 190, au kijiti ni kinene mno. Watu hupunguza moto, kumbe mara nyingi cha kupunguza ni unene. Unene ukiongezeka mara mbili, muda wa joto kufika katikati unakaribia kuongezeka mara nne. Kijiti cha sentimita 3 hakiwezi kuiva kati kabla ganda halijaungua, hata uwe fundi wa moto kiasi gani. Kama tayari umevikata vinene na vimeganda, viache mezani dakika 5 tu, kaanga kwenye nyuzi 175, kisha vipe dakika 2 juu ya wavu kabla ya kuvikata. Joto la ganda linaendelea kusafiri kuelekea katikati hata baada ya kutoka kwenye mafuta. Vijiti vingi vilivyohukumiwa kuwa vibichi vilihukumiwa mapema.

Vinakunywa mafuta

Inaaminika kwamba mafuta huingia wakati wa kukaanga. Kwa sehemu, ndiyo. Ila kijiti kinapochemka, mvuke unatoka nje kwa nguvu na kuyazuia mafuta yasiingie. Kiasi kikubwa huingia baada ya kukitoa: mvuke uliobaki kwenye matundu ya ganda unapoa na kurudi kuwa maji, nafasi inabaki tupu, na mafuta yaliyobaki juu ya uso yananyonywa ndani. Kwa hiyo sekunde chache za kwanza nje ya karai ndizo za thamani. Kikung'ute juu ya karai kikiwa bado moto, mafuta yakiwa mepesi na yanadondoka kwa urahisi, ndipo ukiweke kwenye wavu.

Sababu ya pili ni joto dogo. Mafuta yaliyo chini ya nyuzi 165 hayatoi mvuke wa kutosha, kijiti kinakaa muda mrefu na ganda linaloa. Na hata ukianza na nyuzi 185, vijiti kumi vilivyogandishwa vitayapoza mafuta ya sufuria ndogo ndani ya sekunde chache. Lita moja ya mafuta kwa vijiti vitatu au vinne ni kipimo kizuri. Kipimajoto cha kupikia kinamaliza ubishi wote. Usipokuwa nacho, tumbukiza kipande kidogo cha mkate: kikipata rangi ya dhahabu kwa takriban dakika moja, uko karibu na nyuzi 180. Kikiungua kwa sekunde 20, punguza moto na usubiri. Mpini wa mwiko mkavu wa mbao nao husaidia. Ukiutumbukiza, mapovu yapande kuuzunguka kwa utulivu, yasichemke kwa ghadhabu.

Sababu ya tatu ni mafuta yaliyochoka. Yakiwa meusi, mazito, yanatoa povu lisiloisha na kuanza kufuka moshi mapema, yamemaliza kazi. Yamwage yakipoa, si kwenye sinki.

Neno moja la usalama, kwa kuwa jibini inayovuja hurusha mafuta kuliko vitafunio vingi. Sufuria isijazwe kupita nusu. Mafuta yakishika moto, zima jiko na funika kwa kifuniko cha chuma, uache mpaka yapoe kabisa. Usimwage maji wala usijaribu kuibeba sufuria kwenda nje.

Vilitoka vikavu, baada ya dakika tano vimelegea

Dalili hii hunikera kuliko zote, kwa sababu kazi yote ilifanyika vizuri ikaharibiwa na sahani. Kijiti cha moto kinaendelea kutoa mvuke. Ukikilaza juu ya karatasi kwenye sahani bapa, mvuke wa upande wa chini hauna pa kwenda. Unarudi kwenye ganda. Ukirundika kimoja juu ya kingine, vinapikana kwa mvuke. Ukifunika ili visipoe, umevijengea chumba cha mvuke. Wavu ulioinuliwa, hewa ikipita chini, unatatua sehemu kubwa ya tatizo. Karatasi itumike, kama ni lazima, kwa sekunde chache za kunyonya mafuta ya juu tu.

Ukikaanga kwa mikupuo na unataka vyote vifike mezani vya moto, weka wavu juu ya trei ndani ya oveni yenye nyuzi 90 hadi 100, mlango ukiachwa wazi kidogo. Robo saa vinavumilia. Zaidi ya hapo jibini inaanza kutoka.

Chumvi huvuta unyevu, kwa hiyo inyunyizwe dakika ya mwisho, tena kidogo, kwa sababu jibini ina chumvi yake. Mchuzi wa kuchovyea ubaki pembeni kwenye bakuli.

Ukavu unaodumu una mizizi kwenye chenga pia. Chenga za mkate mbichi zina maji mengi na hulegea haraka. Zikaushe kwanza kwenye oveni ya joto dogo bila kuzipa rangi. Chenga kubwa za mtindo wa Kijapani, panko, zina vipande bapa vyenye hewa na hutoa mlio mzuri zaidi mdomoni, ila huacha nafasi kati yake. Ninachofanya ni kutumia chenga ndogo kwa tabaka la kwanza ili zizibe, na panko kwa la pili ili zilie. Na theluthi moja ya unga wa ngano ikibadilishwa na wanga wa mahindi, ganda linakuwa jepesi zaidi, kwa sababu wanga hauna protini za ngano zinazolifanya liwe la kutafuna kama mpira.

Rangi haikai sawa

Ganda likiwa jeusi kwa madoa na lina uchungu, chungulia kitako cha karai. Chenga zilizodondoka kwenye mkupuo wa kwanza zimeungua, na sasa zinawapaka wenzao masizi. Zichote kwa chujio baada ya kila mkupuo. Likiwa jeusi kote kwa haraka ilhali joto ni sahihi, tazama ulichochanganya kwenye chenga: sukari, maziwa ya unga na kitunguu saumu cha unga huungua kabla ya mkate. Viungo vya unga vifiche kwenye unga wa ngano, tabaka la ndani, ambako joto ni dogo zaidi.

Rangi ikichelewa kabisa kuja, pima joto, kisha angalia kama yai lilizimuliwa kwa maji mengi mno.

Jibini haivutiki

Ganda zuri, hakuna kilichovuja, lakini ndani kuna kitu kama mpira au mchanga unaochuruzika mafuta. Hakuna mbinu ya karai itakayoponya hili, kwa kuwa ni uchaguzi wa jibini yenyewe.

Jibini inayogandishwa kwa ndimu au siki, kama paneer, haiyeyuki kabisa. Protini zake zimeshikana kwa namna ambayo joto linazikaza badala ya kuzifungua. Halloumi nayo hukataa kutiririka. Wakati wa kuitengeneza huwa imeshapikwa kwenye maji yake ya moto. Hizi mbili si mbaya. Ni rahisi zaidi kuzikaanga, hazihitaji friza, na hata bila ganda zinapata ngozi ya dhahabu kwenye kikaango. Anayeogopa kuvuja aanze nazo. Ila asitegemee nyuzi.

Upande wa pili kuna jibini iliyokomaa kwa miezi mingi. Ina ladha kali, lakini protini zake zimekatika katika vipande vifupi na maji yake ni machache, kwa hiyo ikipata joto mafuta hujitenga na kuacha punje. Ukitaka ladha hiyo, kwangua kiasi na uichanganye kwenye chenga za nje, ndani uweke ile changa. Kwa kuvutika, mozzarella kavu ndiyo bingwa; gouda changa na cheddar changa huyeyuka vizuri ingawa nyuzi zake ni fupi. Jibini ya kusindikwa ya vipande laini ina chumvi maalumu zinazoiyeyusha bila kutoa mafuta, lakini inakuwa mchuzi mwepesi, na mchuzi mwepesi hupita hata tundu usiloliona.

Ukitumia rojo badala ya chenga

Rojo la unga lina dalili moja kuu: ganda linakuwa nene, laini, la kutafuna. Umelikoroga sana, au lina joto la chumbani. Changanya nusu unga wa ngano na nusu wanga wa mahindi, ongeza maji baridi sana yenye gesi, koroga kidogo na uache mabonge madogo. Kijiti kipite kwanza kwenye unga mkavu. Rojo likiteremka na kuacha mgongo wa kijiti wazi, ni jepesi mno. Likifunika mgongo wa kijiko bila kudondoka haraka, linatosha. Sioni faida yake kwa vijiti virefu. Kwa vipande vidogo vya mraba, ndiyo.

Oveni na kikaangio cha hewa ya moto

Hewa hupeleka joto polepole kuliko mafuta, kwa hiyo ganda linachelewa na jibini inapata nafasi ya kutangulia. Ndiyo maana vijiti vilivyofanikiwa kwenye mafuta huvuja kwenye oveni. Mambo matatu yanasaidia: chenga ziwe zimekaangwa kwenye kikaango kwa mafuta kidogo mpaka zipate rangi kabla ya kupaka, vijiti vipuliziwe mafuta pande zote, na oveni iwe imeshafika nyuzi 220 kabla havijaingia. Dakika 6 hadi 8, jicho likiwa mlangoni. Kwenye kikaangio cha hewa, nyuzi 200 na dakika 5 hadi 7, bila kuvigusanisha. Usitegemee chenga nyeupe zitapata rangi humo kabla jibini haijakimbia.

Kupasha moto vilivyobaki ni hapo hapo: oveni nyuzi 200, dakika 4 au 5. Maikrowevu huipasha jibini moto haraka bila kulikausha ganda, na kulilowesha, kinyume kabisa cha unachotaka.

Visahani vya jibini tupu

Kuna vitafunio vya jibini visivyo na ganda lolote: jibini ngumu iliyokwanguliwa, ikamwagwa kwa vijiko kwenye karatasi ya kuokea au kwenye kikaango kisichonata, ikaiva mpaka ikawa kisahani chembamba kinachovunjika. Hapa kanuni inageuka. Unataka jibini iyeyuke na itiririke, halafu maji yake yatoke yote.

Kikipinda badala ya kuvunjika, bado kina maji. Ama ulirundika jibini nene mno, ama ulitumia jibini changa yenye unyevu. Tandaza nyembamba kiasi cha kuona karatasi chini yake, na tumia parmesan au nyingine iliyokomaa. Kikiwa na uchungu, kimepita rangi ya dhahabu na kuingia kahawia ya kukolea. Kati ya hizo mbili kuna sekunde 30 tu, usiende kupokea simu. Kikielea kwenye mafuta yake, hilo ni jambo la kawaida kwa jibini yenye mafuta mengi. Kiinamishe kidogo na ukipanguse kwa karatasi.

Na usikipime kikiwa cha moto, maana kikitoka oveni ya nyuzi 200 baada ya dakika 5 hadi 8 kila kisahani ni laini, hata kile kilichoiva sawasawa. Kiache dakika 3 kwenye karatasi yake, kisha inua ukingo kwa ncha ya kisu. Ukipinda, kirudishe dakika moja. Ukikatika kwa mlio, iondoe trei hiyo na uingize nyingine.